Siku za Kufunga Kichwa

"Hata moja," alisema Nabila, kisha akainama kando ya kiti na kutapika ndani ya beseni.

Ramula alingoja. Kalamu ilikuwa mkononi, karatasi gotini juu ya kipande cha ubao, na jua la saa nne lilikuwa limeanza kuyapiga mabati ya soko la Mpondwe mpaka yakalia. Nabila alijipangusa mdomo kwa ncha ya leso, akalisukuma beseni chini ya meza kwa mguu, akarudisha mikono kwenye ungo wa maharage. Ilikuwa mikono ya ajabu ile. Ilichambua, ikatupa mawe kushoto, ikatupa yaliyooza kulia, kama mikono ya mtu mwingine asiye na habari na yanayotokea kichwani.

"Narudia swali," alisema Ramula. "Ndani ya miezi mitatu iliyopita, ni siku ngapi hukwenda kazini kwa sababu ya kichwa?"

"Mama, si nimekujibu? Hata moja. Sasa hivi unaniona wapi? Niko nyumbani? Niko kitandani?"

"Uko kazini."

"Basi andika."

Ramula aliandika sifuri. Alimtazama Nabila usoni, kisha juu ya uso. Kichwa kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cheusi kilichosokotwa kama kamba, fundo limekaa juu ya jicho la kushoto, limekazwa mpaka ngozi ya paji imejikunja. Hakuna mwanamke wa Bwera asiyejua maana yake. Aliyefunga kichwa namna ile haulizwi habari za asubuhi. Unapita taratibu, unashusha sauti, na kama una nafasi unamchotea maji. Lakini karatasi haikuuliza habari ya kitambaa.

"La pili. Ni siku ngapi ulifika kazini, lakini kazi uliyofanya haikufika hata nusu?"

"Nusu iko namna gani? Mimi nikianza gunia, namaliza gunia. Unaona gunia ya nusu hapa?"

Wanawake wa meza za jirani walicheka. Nabila naye alijaribu kucheka, jicho la kushoto likakataa.

"La tatu. Siku ngapi kazi za nyumbani hazikufanyika?"

"Zilifanyika zote."

"Zilifanyika kwa sababu nilifanya mimi," alisema Sadia, binti yake, aliyekuwa akishona mdomo wa gunia kwa sindano ndefu. "Wiki iliyopita siku tatu ulilala sakafuni, mlango umefungwa."

"Wewe, nani amekuuliza? Kazi ilifanyika ao haikufanyika?"

"Ilifanyika."

"Ehee. Mama, andika."

La nne nalo lilipata jibu lile lile. Swali la mwisho lilihusu siku alizokosa starehe na shughuli za jamaa. Nabila alisema kwamba hata arusi ya kijana wa jirani yake Magidu alihudhuria, kichwa kikiwa kimefungwa hivi hivi. "Wageni walinipa pole. Walidhani mimi njo niliyefiwa."

Sifuri tano, moja chini ya nyingine, kama vifungo vya kanzu. Chini kabisa palipigwa chapa: sifuri hadi tano, hana tatizo. Nabila hakujua kuandika, kwa hiyo Ramula alimshikia kidole gumba cha kulia, akakibonyeza kwenye wino wa zambarau, akakishusha kwenye karatasi. Alama ilitoka na mstari mweupe ukiikata katikati, mahali sindano ya gunia ilipowahi kumchana zamani.

"Umeandika vizuri?" aliuliza Nabila, sasa kwa sauti ndogo. "Mimi kichwa hiki nimekizoea. Lakini huyu mutoto kimemwanza naye, tangu Ramadhani. Huyo daktari wa mradi akija, nataka amuone huyu."

"Nimeandika ulichosema."

Ndivyo alivyoagizwa. Andika anachosema mtu, usiongeze, usipunguze. Ramula aliipenda amri hiyo siku ya kwanza alipoisikia, kwa kuwa yeye mwenyewe aliishi kwa amana. Siku ile sokoni, akikunja karatasi ya kumi na saba na kuiweka pamoja na zenziwe, aliona kwa mara ya kwanza kwamba mtu anaweza kuandika kila neno aliloambiwa na bado asiwe ameandika kitu.

Ulikuwa mwaka uliofuata mafuriko ya mto Nyamwamba. Watu wa mradi walikuwa wamekodi vyumba viwili Kasese, na mkubwa wao, Semakula, alikuwa na maswali ya kichwa yaliyotoka mbali. Aliyageuza Kiswahili ofisini kwake, kisha akatafuta mtu wa kuyasoma kwa wasiojua kusoma. Msikitini walimtaja Ramula. Alikuwa amemaliza darasa la saba, alikijua Kikonzo cha nyumbani na Kiswahili cha ng'ambo ya mto, na alikuwa mjane wa Sulaiti aliyekuwa na lori la mizigo, mtu aliyejulikana kuanzia Kisinga mpaka mpakani. Kulikuwa na sababu nyingine ambayo Semakula hakuijua. Ramula ndiye aliyewaosha maiti wa kike wa Bwera. Kila mwanamke wa soko lile alijua kwamba siku yake ikifika, mikono ya mwisho kumgusa itakuwa ile, na mdomo ule hautasema kitu. Mtu wa namna hiyo humfungulii mlango kwa wasiwasi.

Mpango wenyewe haukuwa mgumu. Watu thelathini waulizwe, zipite wiki mbili, waulizwe tena maswali yale yale. Majibu yakifanana, maswali yatafungwa na daktari wa vichwa atakuwa akija Bwera kila mwezi. Wenye namba kubwa watapewa dawa ya kweli. Wenye namba ndogo watarudi nyumbani na panado.

Nabila hakuzimaliza hizo wiki mbili. Siku ya kumi na mbili, siku ya Ijumaa, alifungasha magunia, akamaliza hesabu na wanunuzi, akafika nyumbani, akalala sakafuni mlango ukiwa umefungwa. Walipoufungua hakuamka.

Ramula aliitwa kabla ya adhana ya Alasiri. Uani walikuwa wamechimba shimo la maji ya kuoshea, ili mtu asije akayakanyaga, na wametundika mashuka pande zote. Alisema bismillahi, akaanza na kichwa. Fundo halikufunguka. Alilijaribu kwa kucha, alilijaribu kwa meno ya kitana, mwisho akaomba wembe akalikata. Kitambaa kilipotoka kiliacha mfereji kuzunguka paji lote, na nywele za pale hazikuwepo tena, zilikuwa zimeliwa na miaka ya kukaza. Alizisuka zilizobaki mafungu matatu, akamwaga maji upande wa kulia, kisha wa kushoto, mara tatu, na ya mwisho akaitia kafuri. Mengine aliyoyaona aliyafunika kwa shuka, na hapa pia yatabaki yamefunikwa.

Hakusikia kinyaa. Miaka kumi na mmoja aliifanya kazi ile, na watu humwuliza kwa kunong'ona kama haoni kinyaa, naye huwajibu kwamba maiti hana uchafu. Aliye hai ndiye mwenye nao.

Wiki ya pili ilikwisha. Ramula alikaa barazani, ubao wake tayari, akingoja gari la mradi. Halikuja Jumatatu, halikuja Jumanne. Jumatano alipigiwa simu aende Kasese.

Semakula alikuwa akila. Alikuwa kijana mnene kidogo, mwenye adabu nyingi, na mbele yake palikuwa na sahani ya kuku wa kuchoma iliyowekwa juu ya rundo la karatasi, maana meza haikuwa na nafasi.

"Karibu nyabo, karibu mama. Safari ya Bwera imekuchosha? Kaa. Leo kazi ni ndogo sana." Aliinyanyua sahani, akalipangusa rundo kwa kiganja, akalisogeza. "Hapo chini, palipoandikwa msomaji. Weka sahihi yako. Ni thelathini tu."

"Ni za nini?"

"Za mara ya pili."

Ramula alitazama rundo. Alivuta kiti karibu na dirisha, akatoa miwani aliyoachiwa na Sulaiti, akaanza kusoma. Alisoma kama alivyofundishwa na masista wa shule ya misheni, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea.

"Nyabo, hakuna haja ya kusoma yote," alisema Semakula. "Unayajua maswali."

"Maswali nayajua. Siyajui majibu."

Karatasi ya kwanza, ya pili, ya tano. Kalamu moja, mkono mmoja. Alama za vidole gumba zilikuwa duara nzuri, nono, kila moja ndugu wa mwenziwe. Karatasi ya tisa ilikuwa na doa la mafuta. Ya kumi na mbili ilikuwa na pilipili iliyokauka. Alifika ya kumi na saba, na kidole chake kikasimama.

Nabila, muuza maharage, Mpondwe. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Na alama ya kidole gumba, nzima, ya mviringo, isiyo na mstari.

"Huyu ulimwuliza lini?"

Semakula alikuwa akitafuna. "Tarehe iko hapo juu."

"Tarehe naiona. Nakuuliza wewe."

"Basi ni siku hiyo."

"Siku hiyo alikuwa na siku nne kaburini."

Taya la Semakula lilisimama. Alimeza kitu ambacho hakikuwa tayari kumezwa. Ramula hakumtazama usoni. Alitazama mkono ulioshika paja la kuku. Kidole gumba kilikuwa cha zambarau mpaka ndani ya kucha, na juu ya zambarau mafuta yaling'aa.

Hapo ndipo kinyaa kilipompata. Kilianzia nyuma ya ulimi, kama mate ya mtu aliyeramba chuma. Ramula alishika ukingo wa dirisha. Aliwahi kumtoa mwanamke mtoni Lhubiriha baada ya siku nne majini, na siku ile alikula chakula chake cha jioni akashukuru. Sasa karatasi moja yenye harufu ya kitunguu ilimfanya aombe moyoni asitapike mbele ya mtu.

"Pole nyabo," alisema Semakula. Alisema kweli, uso wake ulikuwa umeshuka. "Pole sana, sikujua kwamba alifariki. Lete hiyo, tutaweka mtu mwingine." Aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaitupa kwenye pipa, juu ya mifupa. "Imeisha. Endelea na zilizobaki."

"Hizi nyingine zote ni hivyo hivyo?"

"Sikiliza. Sikiliza, mama yangu. Kampala wanazitaka Ijumaa. Hawa watu wako, mara ya kwanza wamesema nini? Sifuri, sifuri, moja, sifuri. Mara ya pili watasema nini? Nichome mafuta ya gari mpaka Bwera, kwenda kusikiliza sifuri niliyonayo hapa?"

"Ungejua kwamba mmoja hawezi kujibu."

"Sawa, hapo umenishika." Alijipangusa vidole, mafuta yakatoka, zambarau ikabaki. "Lakini maswali haya ni mazuri. Si yangu. Wamarekani waliyaandika, Waturuki wakayageuza kwa lugha yao, yakakubali. Waislamu wenzako hao. Nikuonyeshe kwenye kompyuta?"

"Hao Waturuki waliuliza watu, ao waliuliza maiti?"

"Waliuliza watu, bila shaka."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Basi usiwaingize hapa."

Semakula alisukuma sahani kando. Aliposema tena, alisema taratibu, kama mtu anayevuta mlango asiamshe mtoto. "Yule marehemu ana binti, si ndiyo? Ulinieleza mwenyewe kwamba naye anaumwa. Ukitia sahihi leo, daktari anakuja Bwera mwezi ujao. Usipotia, mradi utapelekwa wilaya nyingine, na sitakuwa na la kufanya. Binti atakosa daktari kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya karatasi?"

Lilikuwa jiwe zito, naye alilitupa pale pale palipouma. Ramula alimwona Sadia na sindano yake ndefu. Alisikia sauti ya Nabila, nataka amuone huyu. Kalamu ilikuwa mezani, kofia yake imetolewa, na kutia sahihi thelathini si kazi ya hata robo saa. Alinyoosha mkono akaishika.

"Daktari akija," alisema, "Sadia ataulizwa kwanza?"

"Kila mtu ataulizwa kwanza."

"Maswali haya?"

"Haya haya."

"Akisema hakukosa kazi hata siku moja?"

Semakula alitazama kompyuta yake iliyozimwa.

"Mama yake amekufa," alisema Ramula. "Yule mutoto sasa anakalia kiti cha mama yake, na nyuma yake hakuna tena wa kumshonea gunia. Hawezi kukosa hata siku moja. Ataumwa hapo hapo, atatapika hapo hapo, na wewe utamwandikia sifuri umpe panado mbili. Si ndiyo?"

"Mimi ningefanyaje, nyabo? Mtu akikuambia hakukosa kazi, utamwandikia kwamba alikosa?"

Lilikuwa swali la haki. Ramula aliivisha kalamu kofia yake. Aliinuka, akaenda kwenye pipa, akachopoa karatasi ya kumi na saba katikati ya mifupa, akaipangusa kwa upindo wa gauni lake mpaka mafuta yakapungua.

"Hii inakwenda na mimi. Huyu nilimvika mwenyewe, na hii haikuwa katika sanda yake."

"Nyabo..."

"Nipe tupu thelathini. Leo Jumatano. Nitazunguka kwa miguu, Ijumaa mchana utazipata. Hizo zako sitii sahihi, na bila sahihi yangu huna kitu cha kupeleka Kampala."

Kijana yule mwenye adabu alimtazama kama anayepima gunia kwa macho. Kisha alifungua kabati, akahesabu karatasi safi. "Zina maswali yale yale," alisema. "Na sikuahidi kwamba watazikubali."

"Sikukuomba ahadi. Naomba maji."

Semakula alifikiri anataka ya kunywa, akamletea bilauri. Ramula aliibeba mpaka nje, akainama kando ya ukuta, akamimina juu ya mkono wa kulia, kisha wa kushoto, akasugua vidole kimoja kimoja. Mara tatu. Harufu ya kitunguu haikutoka yote.

Alhamisi aliwaona kumi na tisa. Alianza na wa mbali, wa upande wa Kisinga, akarudi nyuma nyumba kwa nyumba, na kila alipopita aliuliza maswali matano kama yalivyo na kuandika sifuri kama alivyoambiwa. Wengine walimcheka kwamba anasahau haraka. "Mama, si uliniuliza mwezi huu huu? Unafikiri nimepata kazi mpya?" Mmoja alijibu akiwa amelala kifudifudi mkekani, mtoto wa jirani akimpikia uji. Zote zilifanyika, alisema. Sifuri.

Ijumaa ilikuwa siku ya soko, na kumi waliobaki wote walikuwa wa meza za hapo. Alifika Mpondwe mabati yakiwa bado baridi. Sadia alikuwa kwenye kiti cha mama yake, ungo mapajani, na kichwa amekifunga kwa utepe aliouchana kwenye sweta la shule, rangi ya kijani. Fundo lilikaa juu ya jicho la kushoto. Beseni lilikuwa chini ya meza, mahali pake pale pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Ramula alishusha sauti, akaketi juu ya gunia. Alitoa ubao na karatasi moja tupu iliyozidi, ambayo haikuwa ya mtu yeyote kati ya wale ishirini na tisa waliobaki. "Nataka kukuuliza yale niliyomwuliza mama yako. Ni siku ngapi hukwenda kazini kwa sababu ya kichwa?"

"Hata moja." Mikono yake ilikuwa ikichambua, mawe kushoto, yaliyooza kulia. "Nikiacha meza siku moja, kesho nakuta mutu mwingine amekalia."

Ramula aliandika sifuri. Aliuliza la pili na la tatu, akauliza yote matano, akajaza vifungo vyote vya kanzu. Halafu aliigeuza karatasi upande wa nyuma, uliokuwa mweupe, akailaza vizuri juu ya ubao.

"Na siku ngapi umefunga kichwa?"

Mikono ilisimama. Ramula hakuwahi kuiona imesimama, wala ya binti wala ya mama.

"Hilo liko kwenye karatasi?"

"Litakuwepo."

Sadia alitazama mbele, kule malori yalikojipanga kungoja kizuizi cha mpakani kifunguliwe. Midomo yake ilicheza bila sauti. Kisha alichukua haragwe moja kwenye ungo, la aina ya nambale, jekundu lenye madoadoa, akaliweka juu ya meza. Akalifikiria. Akachukua la pili, akaliweka karibu yake.

"Na siku ya mazishi nihesabu?"

"Ulifunga?"

"Nilifunga."

"Hesabu."

Aliweka la tatu. Mnunuzi alikuja na debe lake, akafungua mdomo kuuliza bei, akaona kitambaa, akafunga mdomo, akasimama kando. Ramula aliiweka kalamu mbali na karatasi ili isije ikaharakisha mtu. Maharage yaliendelea kushuka mezani, moja, halafu moja, mpaka safu ikafika ukingoni na Sadia akaanza nyingine.